Utendi Usio na Farasi: Juu ya Masimulizi ya Nyumba ya Misheni Mlimani Meru

Mwaka 1998 kilitolewa huko Marekani kitabu cha Jim Klobuchar kiitwacho The Cross Under the Acacia Tree, yaani Msalaba chini ya Mgunga. Chini ya jina hilo pameongezwa maneno ya kueleza kuwa hiyo ni hadithi ya utume wa David na Eunice Simonson katika Afrika, na utume wenyewe umepewa sifa ambayo kwa Kiswahili haina neno la karibu zaidi kuliko utendi. Mwandishi alikuwa mtu wa magazeti katika mji wa Minneapolis. Watu aliowaandika ni mume na mke wa Kanisa la Kilutheri waliofika Tanganyika mwaka 1956, wakaanza kazi Loliondo katika nchi ya Wamaasai, kisha wakawa wenyeji wa Ilboru, juu ya mji wa Arusha, kwa miongo mingi. Mume alikuwa mchungaji, mke alikuwa muuguzi.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita neno utendi upesi. Kwake yeye utendi si pambo la jalada. Ni bahari ya ushairi yenye kanuni, mizani na vina vyake, tena yenye historia ndefu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, ni wa vita, na nyingi katika tendi zilizoufuata ni za vita vilevile. Hata mtu akilisikia jina hilo, mara akili yake hukimbilia farasi, panga na vumbi. Lakini karibu na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi usio na farasi hata mmoja. Mna chumba na kitanda, mna manukato, mna ufagio, mna namna ya kusema na wakubwa na namna ya kumlaza mume na kumwamsha. Mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mtu wa vita hasa, aliyesimama kupambana na nguvu za Sultani wa Unguja. Pamoja na hayo wanafunzi wengi wa leo humjua kwa kuwa alikuwa mume wa mtunzi. Vita vyake vimebaki kuwa maelezo ya pembeni katika utangulizi wa shairi la mkewe.

Basi swali la kukiuliza kitabu cha mwaka 1998, na vitabu vyote vya jamaa yake, ni hili: utendi wake umo wapi, njiani au nyumbani?

Jina la kitabu limekwisha kujibu. Msalaba uko chini ya mti, na mti uko mbugani. Mgunga hauna paa, wala mlango, wala jiko. Ni mahali pa kusanyiko, pa mahubiri, pa mkutano wa mgeni na umati. Nao ni mti wa Loliondo na Monduli zaidi kuliko wa Ilboru, ambako mgomba na mbuni ndiyo mimea inayomkabili mtu akifungua dirisha. Watu wawili walioishi sehemu kubwa ya umri wao katika miteremko yenye baridi na mifereji ya maji wamewekewa kivuli cha nchi kavu. Sababu yake haifichiki. Wasomaji wa Minnesota waliijua Afrika kwa mgunga, na kama kitabu kingaliitwa Nyumba kati ya Migomba, wengi wasingalikigusa.

Haki yafaa itendwe kwanza. Kitabu hicho kimefanya jambo ambalo vitabu vingi vya kabla yake havikulifanya: kimeweka jina la mke pamoja na la mume mahali pa kwanza msomaji anapotazama. Kadhalika matendo kinayoyasimulia si ya kubuni. Kazi ya kujenga madarasa iliyoanza mwaka 1965 kwa jina la Operation Bootstrap ilisimamisha mamia kwa mamia ya vyumba vya kusomea katika Tanzania, na shule ya sekondari ya wasichana wa Kimaasai iliyofunguliwa Monduli mwaka 1995 imewasomesha mabinti ambao pengine wangaliozwa kabla ya kushika kalamu. Mtu anayeidharau kazi hiyo kwa kuwa imetendwa na mmisionari hana budi kwanza kuketi na mmoja wa mabinti hao.

Lakini kazi njema na kitabu chema ni mambo mawili. Mtu wa magazeti ana desturi ya kutaka tukio katika kila ukurasa, na siku ya kawaida haina tukio. Maji huchemshwa leo kama yalivyochemshwa jana. Wagonjwa waliokuja barazani Jumatatu watakuja tena Jumatano, na mmoja wao hatakuja, na kwa nini hakuja ni habari itakayojulikana baada ya wiki mbili, kwa njia ya mtu aliyekuja kuuza mayai. Habari ya namna hii haina kichwa cha kuchapwa kwa herufi kubwa. Yataka mwandishi wa subira, mwenye kujua kwamba aliyeleta mayai ameleta pia tanzia.

Upungufu huu haukuanza na Klobuchar. Ni urithi wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na katika mwaka huohuo Rosine na mtoto wao mchanga wakafa. Katika habari za misheni ya pwani mama huyo huingia akiwa kaburi: la kwanza, la kuwaita wengine waje. Jinsi alivyoishi katika mji wa Mombasa, alisema nini na wanawake wa jirani na kwa lugha ipi, hayo yamepita. Johannes Rebmann, Mzungu aliyeandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 akachekwa na wataalamu wa Ulaya, alimwoa Emma mwaka 1851, wakaishi pamoja Rabai mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1866. Miaka kumi na mitano ya nyumba moja! Wanaoandika juu ya Rebmann wana kurasa nyingi za theluji, na za miaka hiyo wana mistari michache.

Katika mlima Meru mwanzo wenyewe haukuwa na nyumba. Ewald Ovir, Mwestonia, na Karl Segebrock, wote wa Misheni ya Leipzig na wote vijana ambao hawajatimiza miaka thelathini, walifika Akeri mwezi wa Oktoba mwaka 1896, wakapiga mahema. Hawakukaa hata wiki chache. Wakauawa usiku, na Wachagga waliofuatana nao kutoka Kilimanjaro wakauawa pamoja nao. Adhabu iliyofuata, chini ya Kapteni Johannes wa Moshi, ilichukua ng'ombe, ikachoma migomba, ikaacha njaa. Na mwaka 1900 viongozi wa Wameru na wa Waarusha walitundikwa Moshi pamoja na Mangi Meli. Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi imesimuliwa kwa namna moja: majina mawili, kisha hesabu. Wazungu wana majina, na wana mama zao waliolia huko Baltiki. Wachagga ni idadi. Tofauti hii ya sarufi, kati ya jina na idadi, ndiyo mtu atakayoikuta baadaye katika jikoni za misheni, ijapokuwa huko hapakumwagwa damu.

Nyumba zilikuja baadaye: Nkoaranga mwaka 1902, Ilboru mwaka 1904. Ndipo wake walipoanza kuwako, na ndipo barua zilipoanza kuwa na mambo ya ndani. Vita vya Kwanza vikawaondoa Wajerumani. Walutheri wa Marekani wa sinodi ya Augustana wakaja kuyashika makanisa yaliyoachwa. Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya Pili vikawaondoa tena. Kwa hiyo nyumba ilibadili lugha ya mezani mara kadhaa bila kubadili kuta. Waliokaa humo bila kubadilika ni wale waliokuja asubuhi na kuondoka jioni.

Mtu maarufu kupita wote katika wamisionari wa upande huu ni Richard Reusch. Alizaliwa Urusi, akasoma chuo kikuu cha Dorpat katika Estonia, akaja Tanganyika mwaka 1923 kwa Misheni ya Leipzig, akatumika huku mpaka mwaka 1954. Alipanda Kilimanjaro mara nyingi kiasi kwamba watu wameacha kuafikiana juu ya hesabu yake, na shimo la ndani katika kilele cha Kibo linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1926 alimkuta chui aliyekauka kwa baridi karibu na ukingo wa kilele, akamkata sikio awe na ushahidi. Chui huyo aliingia katika fasihi ya ulimwengu, kwani Ernest Hemingway alimweka mwanzoni mwa hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro mwaka 1936. Reusch alikuwa pia mwanachuoni, aliyeandika juu ya Uislamu na juu ya historia ya Afrika ya Mashariki. Mke wake alikuwa Mmarekani, Elveda Bonander.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoonekana wazi. Msomaji wa kawaida wa vitabu vya milima anamjua chui na hamjui Elveda. Mnyama mfu aliyelala kileleni amepata umaarufu ambao mwanamke aliyekesha na taa akimngoja mpanda mlima arudi hakuupata. Wala si kosa la Hemingway, ambaye hakuandika juu ya wamisionari kabisa. Ni kosa la jinsi masimulizi ya misheni yenyewe yalivyojipanga, yakawa kila mara yanatazama juu, kwenye theluji, au mbali, kwenye mbuga, na kuipa nyumba mgongo.

Hata hivyo barua za nyumbani zipo, na katika barua ndimo siku ilimohifadhiwa. Magazeti ya misheni ya Leipzig yalijaa taarifa kutoka vituo vya Kilimanjaro na Meru, na makanisa ya Marekani nayo yalikuwa na ya kwao. Barua hizo zina ila moja kubwa ambayo mwanafunzi hana budi kuijua kabla ya kuzisoma: ziliandikiwa wasomaji wawili kwa wakati mmoja. Msomaji wa kwanza ni rafiki wa nyumbani. Wa pili ni mtoa sadaka. Rafiki ataka kujua kama paa linavuja. Mtoa sadaka ataka kujua wangapi wamebatizwa. Kwa hiyo barua huanza na mvua na kuishia na hesabu, na katikati yake, mahali ambapo mwandishi amesahau kidogo nani atasoma, ndipo panapopatikana fasihi.

Huko katikati mna jambo ambalo mchunguzi wa Kiswahili analiona kabla ya mwingine. Mna maneno ambayo Mjerumani na Mwingereza wa Afrika ya Mashariki hawakuyatafsiri: boma, shamba, safari, baraza, posho, askari. Msomaji wa Leipzig alikuwa akila mkate wa kwao huku akisoma maneno yetu. Mwandishi angaliweza kutafuta neno la kwao badala ya shamba, lakini hakutafuta, kwa sababu shamba lililokuwa mbele yake, lenye migomba juu na maharagwe chini na mfereji ukipita kando, halikuwa kitu chenye jina kwao. Neno la mwenyeji limeingia katika sentensi ya mgeni na kukaa, wala mgeni hakuwa na la kufanya. Inafaa kukumbukwa kwamba Walutheri wa Leipzig walishika kanuni ya kuhubiri kwa lugha ya mama ya kila watu, wakakitazama Kiswahili kwa mashaka kama lugha ya pwani na ya Uislamu. Kanisani kanuni hiyo iliweza kulindwa kwa muda. Jikoni na sokoni mambo yalikuwa mengine. Nyumba ya mlimani ilipokuwa na mpishi kutoka kabila moja, mchunga ng'ombe kutoka la pili, na mwenye duka Mhindi huko mjini, Kiswahili kiliingia kwa mlango wa nyuma na kuanza kuendesha siku.

Ni Kiswahili gani? Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu kidogo cha Kiswahili cha bara, ambacho jalada lake linasema kimeandikwa kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanya biashara, na wake zao. Wake wamewekwa mwisho, ingawa wao ndio waliotumia Kiswahili saa nyingi kuliko waume zao. Wamisionari hawamo katika orodha hiyo, na kwa sehemu kubwa walistahili kutokuwamo, kwani walijifunza lugha kwa bidii zaidi. Lakini sharti la nyumba ni lilelile. Lugha ya nyumba yenye watumishi huelemea upande wa amri: leta, ondoa, chemsha, funga. Mwana Kupona naye anamwamuru binti yake. Walakini amri ya mama kwa mtoto ina urithi ndani yake, na ya bibi wa nyumba kwa mpishi ina mshahara. Tofauti hiyo haimfanyi bibi wa nyumba kuwa mtu mbaya. Yamfanya kuwa mtu ambaye sauti yake haiwezi kusikika vizuri mpaka isikike pia sauti ya aliyejibu.

Sauti hiyo ya pili haijaandikwa kwa upande wa Meru kama ilivyoandikwa kidogo kwa upande wa pwani. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa kilichotolewa mwaka 1934, alisimulia habari za watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, ambako kengele ya misheni bado ipo na mahali penyewe paitwa Kengeleni. Kitabu kile kina heshima kubwa kwa wamisionari, hata wahakiki wengine wamekilaumu kwa shukrani zake nyingi. Lawama hiyo haikizingatii kitabu kama kitabu. Thamani ya Mbotela ni pale anaposimama: amesimama uani, miongoni mwa wanaoisikia kengele, si miongoni mwa wanaoipiga. Hata akisifu, anasifu kutoka huko. Mlima Meru haujapata Mbotela wake. Una wachungaji walioitwa na kanisa tangu miaka ya 1930, una waalimu, una madaktari, una maprofesa. Lakini mtu aliyepika Nkoaranga, au aliyelea watoto wa Kizungu Ilboru, hajapewa kitabu.

Pana kitabu kingine ambacho msomaji wa hadithi za misheni za Arusha yafaa akiweke karibu kila wakati. Mwaka 1967 zilichapishwa Nairobi habari mbili za watu wa mlima huu. Anton Nelson, Mmarekani aliyeishi na kufanya kazi pamoja na Wameru, alitoa The Freemen of Meru. Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton wakatoa The Meru Land Case. Cha Nelson ni kitabu cha rafiki, na urafiki wake ni wa kweli. Cha Japhet na Seaton ni kitabu cha kesi. Kinaeleza jinsi serikali ya Waingereza ilivyowaondoa Wameru wapatao 3,000 katika Ngare Nanyuki mwezi wa Novemba mwaka 1951, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na jinsi Kirilo alivyokwenda New York mwaka 1952 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Baraza lilisikiliza, na ardhi haikurudi wakati ule. Katika kitabu hicho nyumba ina sura moja tu. Inabomolewa, inachomwa, vyombo vimetolewa nje, na watu wanaambiwa waende Kingori.

Sasa yapime hayo pamoja. Mume na mke kutoka Marekani wanafika mwaka 1956, miaka mitano tu baada ya moshi ule. Wao si Waingereza, wala hawakumfukuza mtu. Lakini neno nyumba, katika kinywa cha Mmeru wa mwaka 1956, lilikuwa na jeraha. Nyumba ya Mzungu ilikuwa imesimama. Nyumba ya Mmeru ilikuwa imeonekana kuwa kitu kinachoweza kuondolewa kwa amri ya karatasi. Masimulizi ya maisha ya kila siku ya wageni katika nchi hiyo yasipokuwa na kivuli cha jambo hili, hata yakiwa na ukweli katika kila sentensi, yatakuwa na uongo katika jumla yake. Msomaji ataka kujua kama siku moja, wakati wa kunywa chai, mtu alilitaja jina la Ngare Nanyuki, na nani alinyamaza.

Nyumba ya misheni nayo ilikuwa na jeraha lake, na hili ndilo ambalo lingaliweza kuwa kiini cha utendi wa kweli kama mtunzi angalipatikana. Ni jeraha la watoto. Walutheri wa Kimarekani walikuwa na shule ya watoto wao huko Kiomboi, katika nchi ya Singida. Baadaye wengine wakapelekwa Kijabe katika Kenya. Mtoto wa miaka sita au saba alitiwa garini na sanduku lenye jina lake, akaenda safari ya siku nzima au zaidi, akarudi baada ya miezi. Mama wa misheni aliyewauguza watoto wa watu wote barazani alibaki na vitanda vitupu. Kwa majirani wa mlimani jambo hili lilikuwa fumbo kuu kuliko Utatu Mtakatifu. Waarusha na Wameru waliwapeleka vijana wao jandoni na malishoni, lakini kumtoa mtoto wa umri huo nyumbani, alale kwa watu wasio wa ukoo wake, ni jambo lililofanywa katika njaa tu. Hapo mgeni na mwenyeji walitazamana, na safari hii mwenyeji ndiye aliyemwonea mwenzake huruma.

Na katika kuachana huko ndiko kulikozaliwa barua za kila wiki, za mama kwa watoto. Hizo hazikuandikiwa mtoa sadaka. Hazikuhesabu waliobatizwa. Zilieleza mbwa amefanya nini, mparachichi umezaa, mpishi anawasalimu, mvua ya masika imeng'oa daraja. Mwana Kupona alimwandikia binti yake kwa kuwa kifo kilikuwa kinawatenganisha. Mama wa Ilboru aliandika kwa kuwa utume uliwatenganisha. Namna mbili hizi za kutengana hazilingani, wala mtunzi wa Siyu na muuguzi wa Kimarekani hawalingani kwa ufundi. Walakini shughuli ni moja: kuitia nyumba nzima ndani ya maneno, ili mtoto asiyekuwamo aweze kuingia na kuzunguka vyumba. Kitabu chenye kutaka jina la utendi kingalianzia hapo. Hata kama mwandishi wake asingalikuwa na ruhusa ya kuzitumia barua zenyewe, angaliweza kuijenga siku kwa kipimo chake.

Jambo la mwisho ambalo masimulizi haya huliharakisha ni uzee. Hadithi ya misheni hupenda kuwasili. Meli yatia nanga, vijana washuka, mlima waonekana mawinguni. Kuzeeka hakuna nafasi katika mpango huo, na kwa kawaida miaka ishirini ya mwisho hupata sura moja yenye shukrani na hotuba. Lakini katika nchi ya Waarusha, ambako mambo yote ya watu wazima yalipangwa kwa rika, umri ndio ulioamua mtu asikilizwe au asisikilizwe. Kijana mwenye Biblia, asiye na rika linalomjua, alikuwa karibu na layoni, mvulana ambaye hajaingia jandoni. Aliweza kuvumiliwa, hata kupendwa, lakini neno lake halikuwa na uzito mbele ya wazee wenye fimbo. Ovir na Segebrock walikuja katika hali hiyo, wakafa katika hali hiyo. Mume na mke waliokaa miaka thelathini au arobaini ni watu wengine kabisa. Wamezika pamoja na jirani zao. Wamewaona watoto waliowapokea mikononi wakipeleka mahari. Wanajua mfereji gani uligombewa na nani na nani alitozwa ng'ombe. Wameanza kuulizwa, badala ya kuuliza.

Kwa hiyo miaka ambayo mwandishi wa magazeti huiona imepoa ndiyo miaka ambayo, kwa kipimo cha mlima wenyewe, wageni walianza kuwa watu. Na ni katika miaka hiyohiyo walipokabiliwa na swali ambalo wazee wa mlimani hawakuliuliza, la kurudi kwao au kubaki. Mzee wa Kimeru hana pa kustaafia isipokuwa shambani pake, kati ya makaburi ya baba zake. Mmisionari mzee ana tiketi. Kuna mauzo ya vyombo, kuna kabati linalokwenda kwa mchungaji na sufuria zinazokwenda kwa mpishi, kuna mbwa wa kutafutiwa bwana. Siku ya namna hiyo ni ya kawaida mno kuitwa tukio, na imejirudia katika nyumba nyingi kuanzia Nkoaranga mpaka Ilboru. Mwandishi mwenye macho angalipata ndani yake kila kitu alichokitafuta chini ya mgunga.

Sufuria hizo baadhi yake bado zinapikiwa. Waliozipewa, au watoto wao, wangali wanakaa katika vijiji vilivyo juu ya barabara ya Moshi, na wana habari za nyumba zile ambazo hazimo Leipzig wala Minneapolis: nani alikuwa mkali na nani alikuwa mpole, nani alijua Kimeru na nani alijifanya anajua, siku gani bwana na bibi hawakusemezana mezani. Chuo cha Makumira kimo katika nchi hiyohiyo. Kutoka hapo hadi Nkoaranga ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na njia yote ni ya kupanda.